Ini la Mayala

Jumatano, 9 Juni 1954
Nimepata njia ya kumshinda Mayala! Sote wawili tumeposa kwa Mzee Bundala, muuza nyama wa mtaa wa Isevya, tukimtaka binti yake, Leonia. Mayala ana bucha lake Cheyo. Mimi nafagia zahanati. Lakini zahanati ina ile dawa ya kuoshea vidonda: ukiitia kwenye ini bichi, povu linafoka. Mganga wa zahanati asema ndani ya ini mna kitu kinachofanya kazi. Basi kikifa, hakuna povu! Nikamwamkia mzee shikamoo mara mbili, nikamwambia ini lisilotoa povu ni bovu. Jumamosi tupime lake na la Mayala mbele ya wateja. La Mayala nitalileta mimi. Kafurahi kweli.

Alhamisi, 10 Juni
Nimenunua ini kwa Mayala. Kaniongezea kipande cha bure, mjinga! Nimelificha penye barafu, ndani ya jokofu la mafuta ya taa la zahanati, kitu hicho kife kwa baridi.

Ijumaa, 11 Juni
Gumu kama jiwe. Nikalitia dawa. Kimya, vipovu viwili vitatu tu. Limekufa! Mbona basi nimekosa raha? Nimelitazama muda mrefu. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana, leo kimekwenda wapi?

Jumamosi, 12 Juni
Aibu! Nilichelewa kutoka zahanati. Jua kali, ini likayeyuka kikapuni. Likatiwa dawa: povu mpaka mezani! Watu wakashangilia. La Mzee Bundala halikutoa hata kipovu kimoja. Mkewe, Mama Apolinaria, akaeleza kwa upole kwamba alilichovya kwenye maji yanayochemka, lisijae nzi mbele ya wageni. Nani amsikilize? Wateja wote wakaelekea Cheyo. Posa yangu ikakataliwa papo hapo. Jioni mganga akaniambia baridi hailiui ini, hulilaza tu. Kinachoua ni moto. Si angesema mapema!

Jumapili, 20 Juni
Padri katangaza ndoa ya Mayala na Leonia. Moyo umeniuma sana. Nje ya kanisa nikamsalimu Leonia. Hakuitikia. Kanitazama kwa ubaridi. Nikarudi nyumbani Mtendeni nikiwaza njia nzima. Ubaridi! Mungu ashukuriwe! Angewaka hasira, hapo ningekata tamaa. Huyu amelala tu. Kesho natafuta namna ya kumwamsha.