Matanga ya Karani wa Mizani

Kwa furaha kubwa, Mamlaka ya Mizani na Foleni za Mizigo inautangazia umma kwamba mtu akishindwa usaili kwetu, sasa anashindwa kwa adabu. Mwongozo wa Kupokea Kukosa umeanza kutumika. Kila aliyekosa kazi atafika mwenyewe ofisini Mbinga na kutoa neno la upole kwa taasisi, "kwa kuzingatia mila na desturi za kwao". Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza mimi, Bernadi, Ofisa Shukrani. Meneja Wendelin aliyasifu sana wakati ule, akasaini.

Wa kwanza kuutekeleza alikuwa Recho wa kijiji cha Lundo, aliyeomba ukarani wa mizani pale Mbamba Bay. Binti huyu alikuwa ameacha kibarua cha kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, ili akasomee mizani, na kazi hii ndiyo tegemeo lake. Kwenye usaili alijibu maswali yote, jambo lililotusumbua kidogo. Tukamjulisha kwamba amekosa, aje ashukuru.

Akaja. Alikuja na shangazi yake, mama Albina, pamoja na kina mama wa kanisani kwao, wamejifunga khanga, wamebeba mikeka, sufuria na unga wa muhogo. Walivua viatu mlangoni, wakajaza korido.

Nilimpa mama Albina shikamoo, nikauliza kulikoni.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Msiba gani, mama?"

"Si mmempoteza Recho? Mtu kama huyu akikupotea, huachwi peke yako. Tumekuja kukaa matanga."

Recho akamshika Meneja mkono kwa mikono miwili, akamwambia ajipe moyo. Niliukagua upole wake kwa mujibu wa Mwongozo, sikuona kasoro. Meneja akaninong'oneza niwatoe. Nikamkumbusha kwamba waombolezaji hawafukuzwi, na isitoshe mfiwa hafanyi kazi. Basi tukafunga madirisha ya huduma. Wakulima waliokuja kufuatilia vibali vya kupimia kahawa wakavua kofia, wakaketi. Majirani wakaleta maharage. Erasmo, karani mpya, akapewa ndoo akachote maji.

Kesho yake akapita Mwenyekiti wa Bodi, mzee Tarsisi, akielekea ziwani. Kiongozi hapiti msibani bila kusimama, hasa watu wakiwa wengi. Akashuka garini, akatoa rambirambi, akapewa kiti karibu na Meneja, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka. Meneja akainamisha kichwa. Nilidhani ni majonzi.

Ndipo mama Albina akasema matanga yaanuliwe, ili watu warudi mashambani. "Ila kwanza msemaji wa wafiwa atueleze. Huyu binti mmempotezaje?"

Msemaji nilikuwa mimi. Meneja alinikazia macho, nikaona ananitia moyo. Nikasimama, nikaweka tai sawa, nikaeleza kwamba marehemu wetu hakuteseka hata kidogo, maana nafasi ilikuwa ya Erasmo, mpwa wa Meneja, tangu kabla ya tangazo. Usaili tuliufanya ili kila mwananchi apate fursa sawa ya kukosa.

Erasmo akaweka ndoo chini. Mwenyekiti akaomba nirudie jina, nami nikalirudia vizuri, na la ukoo.

Siku hizi Recho anapima mizigo Mbamba Bay. Meneja naye ameandikiwa kwamba cheo chake kimepata mtu mwingine, na kwa mujibu wa Mwongozo anatakiwa afike kutoa neno la upole. Hajafika. Iliniuma, kwa kweli, mtu kupuuza sahihi yake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi tukamfuata kwake na mikeka yetu, Recho mbele na sufuria. Hakutufungulia. Tukatandika barazani, tukapika. Ugali ulipoiva alichungulia dirishani, akauliza kama usipa upo.

"Upo, baba," Recho akamjibu kwa upole usio na kasoro. "Ila kwanza tuambie, cheo umekipotezaje?"