Mikono Juu, Darasa la Tano

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Chuo hiki kitanitoa roho. Nilikuja kusomea ualimu wa shule ya msingi nikijua hisabati zenyewe ni za watoto. Kujumlisha machungwa, basi. Kumbe mkufunzi wetu, tuliyempachika jina la Mama Kwa Nini, hataki jibu. Anataka sababu ya jibu. Leo nimegawanya nusu kwa robo ubaoni, nikapata mbili. Pindua ya pili, zidisha, kwisha. Akauliza kwa nini tunaipindua. Nikasema ndivyo tulivyofundishwa. Akasema hata kasuku hufundishwa. Aliyecheka hadi kushika mbavu ni Profesa, mwenzangu wa chumba.

Ijumaa nafundisha somo hilohilo mbele ya mama huyo, wenzangu wakijifanya watoto wa darasa la tano. Nikishindwa, narudia mwaka. Na mdogo wangu wa kike anaanza hapa muhula ujao. Nitakaa naye darasa moja! Yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!

Jumanne, tarehe 4 Juni
Profesa kajitia huruma. Kaleta mkate, kaukata. Akasema mkate mzima una robo nne, ndiyo maana tunazidisha kwa nne. Nusu mkate je? Robo mbili. Niliona kabisa. Lakini kueleweshwa na Profesa ni kama kuazima shati lake: kila ukipita anakukagua. Nikamwambia mfano wake ni wa kitoto, nikaula.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Nimepata dawa. Nikiuliza swali, darasa zima linyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia tu. Mama Kwa Nini ataona darasa linalowaka moto, na hiyo kwa nini yake wataijibu wao. Wenzangu wamekubali kwa sharti kwamba niwafagilie bweni hadi muhula uishe. Sawa. Profesa akasema kwa muda huu ningeshajifunza ule mkate. Wivu utamuua.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Mazoezi bwenini. Tumekaa safu moja kitandani, mimi katikati, sote tukitazama kalenda ukutani, ndiyo ubao wetu. Kulia, kushoto, kulia. Sikukosea hata mara moja.

Mdogo wangu amepiga simu. Anaomba nimwachie madaftari yangu ya hisabati. Nyuma yake nikamsikia Baba akisema asiniombe, huenda nikayahitaji mwenyewe. Mzazi gani huyu? Nilikata simu bila kuaga.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Aibu tupu. Nikauliza kwa nini tunapindua. Mikono yote juu, nikasikia raha. Nikachagua wa kulia. Akasimama, akasema hajui. Nikachagua mwingine wa kulia. Akajikuna, akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wa tatu akatazama dari. Wasaliti! Na bweni nimewafagilia tangu juzi! Profesa alikuwa karibu kuanguka kitini kwa kunyoosha wa kushoto, nami kila mara nikamruka. Asiyejua na ajinyamazie.

Mama Kwa Nini akaniambia nijibu mwenyewe. Nikasema inapinduliwa ili tuweze kuzidisha. Akaandika kitu, akashusha pumzi. Akaniuliza kwa nini nawachagua wanaonyoosha wa kushoto tu. Sikumwelewa. Kanipa nafasi moja tu ya mwisho, Jumatatu. Akanisihi niachane na mikono ya watu, nijifunze sababu.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Nimetafuta sababu siku mbili, sikula wala sikulala vizuri. Leo asubuhi nikaipata, nikaruka kitandani. Darasani walikuwa wamenielekea! Kulia kwao ni kushoto kwangu! Kumbe hawakunisaliti, masikini, na Profesa alikuwa anajua. Mama Kwa Nini alisema kweli: ukijua sababu, kila kitu kinanyooka.

Basi kesho nafundisha nikiwa nimewapa mgongo. Wakinyoosha kulia, ni kulia kwangu pia. Nitawaona kwa kioo cha kunyolea cha Profesa, nitakachokibandika juu ya ubao. Bado sijamwomba.

Mdogo wangu amepiga tena, anauliza tukae dawati la mbele au la nyuma. Nimemwambia atafute mwenzake wa kukaa naye, kaka yake atakuwa kazini. Akacheka, mjinga huyo.

Jioni Profesa kaleta mkate mwingine na kisu. Akasema tuanze upya, polepole, bado kuna muda. Nikamwambia auache mezani, nina kazi ya maana. Alipotoka nikaula wote. Sikuona sababu ya kuukata.