Risasi Zilizopigiwa Kura

Masila Mbithi,
Fundi wa Mabomba,
Kitengela.

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Shabaha ya Kisaju Juu.

Mzee Kiama,

KUH: RISASI ZINAZONIHARIBIA JINA

Natumai hujambo, na kwamba mvua imefika kwako Mashuuru. Huku Kitengela tuko na vumbi na afya njema. Nimeona ujumbe wako kwenye grupu kwamba nikikosa shabaha tena Jumamosi hii, nitatolewa kwenye safu ya walengaji na kupelekwa kamati ya chai. Nimeusoma mara nne. Mzee, nimeumia. Jumamosi ndiyo siku pekee katika wiki ambayo siinamii choo cha mtu, kwa hivyo naomba unisikilize kabla hujaninyang'anya.

1. Bastola zetu si za kawaida. Ni za mtindo wa kale, zile za kumiminiwa baruti kwa mkono, ila zetu zimebadilishwa silinda ili zikubali risasi za dukani zenye ganda. Silinda ilibadilishwa, mtutu ukaachwa ulivyo. Mtutu ni mpana, risasi ni nyembamba. Nimefunga mabomba miaka ishirini na sita, na nakuambia ukiingiza bomba la nusu inchi kwenye soketi ya robo tatu, maji yatakwenda yanakotaka yenyewe. Risasi nayo ni hivyo hivyo.

2. Risasi zetu zilichaguliwaje? Kwa kuinua mikono, jinsi tulivyochagua mahema na sufuria. Mlengaji mwenzetu Waweru alipitisha maboksi mawili ya risasi, na wanachama kumi na mmoja wakapigia kura zile ngumu zenye koti la shaba, kwa sababu zinang'aa kwenye picha. Mimi peke yangu nilitaka zile laini za kijivu, zenye shimo kitakoni, ambazo zikisukumwa na moto hutanuka na kuujaza mtutu. Katibu wetu Purity akaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwanachama mmoja alinung'unika. Sikunung'unika, nilikuwa nafundisha. Risasi na mtutu wanaishi pamoja kama mume na mke, Mzee. Hakuna mzazi wa Kisaju anayeoza binti kwa sababu bwana harusi ametoka vizuri kwenye picha.

3. Tangu kura hiyo sijagusa ubao wangu wa shabaha. Jumamosi iliyopita risasi zangu nne zilihamia ubao wa Waweru, anayesimama kushoto kwangu. Ubao wake ulikutwa na matundu kumi, naye alipiga sita tu, na hakuna aliyeuliza. Alipewa mguu wa mbuzi wa mshindi, akaula akinitazama.

4. Kwa sababu hizo naomba kura irudiwe na wanaojua mabomba peke yao. Naomba pia matundu yangu manne yarudishwe kwangu pamoja na ule mguu, au mfupa wake kama upo. Tena, kuanzia sasa mtu apewe alama kwa alipokusudia, maana mimi nilikusudia katikati kabisa. Ikiwa hayo ni mengi, basi ubao wa Waweru uandikwe jina langu, na wangu uandikwe lake. Risasi zimeshaamua, sisi tuzifuate tu.

Msalimie mama nyumbani, Purity, wazee wote wa klabu, na Waweru pia, kwa kuwa nimelelewa vizuri.

Ni mimi, ambaye bado ni mlengaji,
Masila Mbithi.

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipokutana na Gathoni, yule anayetunza ghala letu la silaha na kutujazia bastola, akinunua sukuma wiki. Nikamsomea yote pale pale. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee Masila, wewe nimekuwa nikikuwekea zile laini tangu siku ya kura, juu ya kukuonea huruma." Zile ngumu za kung'aa zinapigwa na Waweru na wenzake, kwa bastola hizo hizo, na hawakosi. Nimeona aibu, Mzee, sitakuficha. Ningeirarua barua, lakini nilishaiandika kwa karatasi nzuri. Tafadhali nijulishe Jumamosi maji ya chai yanabandikwa saa ngapi, na majani yanawekwa kabla ya maziwa au baadaye.