Nyati wa Pekee

Gerishon wa Ruiru alikuwa fundi wa kila kitu kinachotaka rangi: kadi za harusi, programu za mazishi, mabango ya vinyozi, tisheti za vyama. Ila mara moja tu maishani alichonga kitu kwa moyo wote. Alimchonga nyati kwenye kibao, akakipaka wino, akakigandamiza juu ya karatasi, na nyati akatokea akikukodolea macho kama umekanyaga shamba lake. Gerishon alimpenda kuliko ndugu zake. Na kwa kuwa biashara haina undugu, akamuuza tena na tena, akimwapia kila mnunuzi kwamba picha ni ya pekee.

Siri ilikuwa moto. Kila alipouza, aliteketeza kibao jikoni mbele ya mnunuzi, kofia mkononi, ili nyati asizae tena. Kilichoungua kilikuwa kibao cha uongo, alichokwaruza kwa haraka akiifuata picha jinsi ilivyo.

Alipomsikia Kamene, mwenye gesti mpya kule Thika, akijisifu kwamba hata mapazia yake hayana pacha, alijua riziki imebisha hodi, akamwalika kwake Ruiru.

"Madam, huyu ni mmoja dunia nzima. Kibao kinakufa leo."

"Ebu ngoja." Kamene alikilaza kibao kando ya picha. Nyati wote wawili walitazama mlangoni. Akatoa muhuri wa gesti mkobani. "Muhuri wangu umechongwa kinyume ndio utokee sawa. Wako mbona anaangalia upande ule ule?"

Gerishon alinyoosha mkono akichukue kibao.

"Leta kibao cha ukweli, ama nimpigie Karanja wa hardware. Jana alinionyesha nyati wake wa pekee."

Gerishon alikileta kibao huku moyo ukimuuma. "Utakichoma?"

"Nichome mali? Ai!" Kamene alikitia mkobani, picha pia, na hakulipa chochote.

Haikupita muda, nyati akaonekana kwenye mashuka ya gesti, kwenye aproni, hadi kwenye mifuko ya wachuuzi wa Kiuu, huko huko Ruiru. Gerishon, aliyeuza nakala zote, hakuwa na hata moja ya kutundika ukutani kwake. Alivumilia, akashindwa, akafunga safari hadi Thika.

"Una bahati," Kamene alimnong'oneza. "Nimebakisha moja tu. Hakuna ingine dunia nzima."

Nyuma yake, picha zenye wino mbichi zilianikwa kamba nzima. Gerishon aliziona zote, akalipa.