Swali la Kwanza kwa Mwalimu Murithi

Jumatano, 8 Juni 1966

Salaam aleikum, shemeji Dagane. Modogashe hamjambo? Kifua chako je? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila dada yako Safiyo hana habari za mama yenu tangu vita vifunge njia ya Griftu. Nitakuandikia siku kwa siku. Msafara ukipita nitakutumia.

Habari kubwa! Mwalimu Murithi, yule Mmeru anayefundisha Griftu, ametoa kitabu. Kinahusu mwanamke wa kisimani. Jumamosi anapita hapa na malori ya askari, mji utazungumza naye uwanjani pa shule. Mtu aliyetoa kitabu kizima kichwani mwake! Lazima niulize swali la kwanza. Anikumbuke. Kitabu cha pili aniweke ndani, inshallah.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekiazima kwa karani. Kitamu mno! Unasoma, unasikia kiu. Ukurasa wa tisa macho yakagoma. Nikamwendea Kagendo, muuguzi, aliyekimaliza. Kwa birika la chai akanipa swali la kisomi: mbona mwanamke huyu hana jina? Swali hilo!

Ijumaa, 10 Juni

Msikitini Kerrow, muuza nguo, akajigamba ana swali la kesho: mbona mwanamke hana jina. Astaghfirullah! Kagendo anasema Kerrow alimletea leso, na swali haliishi kwa kugawanywa.

Nina hila. Kwetu mgeni wa safari huulizwa habari kwanza: njia, mvua, malisho, amani. Hakuna wa kukatiza. Nitaanza mimi, nivute habari mpaka Kerrow achoke, kisha nichomoe swali. Safiyo akasema naye ana la kumwuliza Mwalimu. Nikamwambia maswali ya vitabu yana wenyewe.

Jumamosi, 11 Juni

Nilisimama kabla Mwalimu hajakaa. Nikamwambia, "Warran, Mwalimu?" yaani, lete habari. Akatoa habari kama mzaliwa wa kwetu: mvua, malisho, visima. Nikavuta. Kerrow akakohoa. Nikavuta zaidi.

Balaa! Uwanja mzima ukaamka. Kila mtu ana mtu wake huko Griftu. Huyu anauliza ndugu, yule ngamia. Mwalimu akavua kofia, akamjibu kila mmoja bila haraka. Asilolijua alisema halijui. Wallahi nilimpenda. Lakini kitabu kiko mezani, hakuna anayekitazama, na askari wa kafyu anaangalia jua. Nikafungua mdomo. Safiyo akanitangulia.

"Mwalimu, kisimani Griftu kuna mama mwenye kovu kidevuni, huimba akiteka maji. Yu hai?"

Mwalimu akachukua kitabu, akamwekea mkononi.

"Yu hai, na sauti yake ni ileile. Ndiye huyu wa kitabuni, mama. Alinikataza kuandika jina lake. Alisema binti yake atamjua."

Kerrow akafuta macho. Firimbi ya kafyu ikalia, tukatawanyika.

Jumapili, 12 Juni

Kovu liko ukurasa wa nne. Nililipita! Lakini mimi mama mkwe simtazami usoni, kwa heshima, ningejuaje? Safiyo amenisomesha ukurasa huo tangu alfajiri. Analia, anacheka, ananiambia rudia. Mshukuru Mungu, shemeji, mama yenu mzima.

Ila nisikufiche, roho inaniuma. Swali langu limejibiwa kabla sijaliuliza, na aliyeniharibia ni mke wangu! Mama mkwe naye ameingia kitabuni kwa kuteka maji tu, bila hila yoyote. Leo, kabla malori hayajaondoka, nimemfuata Mwalimu, nikamwambia mkwe wa yule mama anaitwa Nunow, na ruhusa ya jina ameshaitoa. Alicheka sana. Dalili njema.

Sasa sikia. Mwandishi mwingine, wa kitabu cha nyuki, atapita kwenu mwezi ujao akija huku. Mpe chai, mcheleweshe, umtajie jina langu. Kitabu chenyewe sijakiona, lakini Kagendo ameniuzia swali kali, na ameapa Kerrow halijui.

Nijibu upesi, shemeji, kwa msafara huohuo.