Madaktari wa Roki na Shingo ya Fundi

Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

KUHUSU: MADAKTARI WAKO WANAOPIGA ROKI

Pokea salamu zangu, wewe na wote unaowaongoza. Mimi ni yule fundi mwenye spika, ninayeitwa kila madaktari wako wanapotoka na bendi yao kwenda viwanjani kuwahimiza watu wapimwe saratani. Mimi si mtu wa maneno mengi, na mke wangu akikwambia vinginevyo, usimsikilize. Lakini sasa yamenifika kooni.

1. Mpiga gitaa, ambaye ni daktari wa upasuaji. Kabla ya kushika gitaa ananawa mikono hadi viwikoni, na gitaa lenyewe halijafutwa vumbi tangu mwaka jana. Kisha ananyoosha kiganja pembeni bila kunitazama, anangoja. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, najikuta nakimbia kumwekea kile kidude cha kupigia nyuzi. Juzi akanishukuru: "Asante, sista." Nikaitika.

2. Mpiga besi, daktari wa usingizi. Bendi zote huanza kwa moja, mbili, tatu, nne. Huyu anahesabu kuanzia kumi kurudi nyuma, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Akifika saba, nusu ya bendi imeshaanza na mimi napiga miayo.

3. Mpiga ngoma. Hapa ndipo penye kiini cha barua. Ni daktari wa saratani, tena ni binti wa dada mkubwa wa mke wangu. Ananiita Baba Mdogo kwa adabu zote, kwa hiyo hata kumgombeza siwezi. Ametunga wimbo ambao katikati yake bendi nzima inanyamaza. Kimya! Halafu anawaambia watu waguse shingo, makwapa na vifua, na mwenye uvimbe aende akapimwe. Kwa fundi wa mitambo, ndugu yangu, kimya ni hitilafu. Watu wametoa nauli kuja kusikia makelele, wewe unawasimamisha uwanja mzima wanajipapasa kama waliopoteza funguo!

Mimi sijawahi kujipapasa. Nina kazi. Isitoshe, hedifoni zangu hukaa shingoni. Mke wangu analalamika kwamba tangu mvua zilizopita nazivaa mpaka mezani, mpaka kitandani. Hajui kazi za watu, yule.

4. Yaliyonikuta Jumamosi. Kimya kilipofika, mkono wangu ulipanda wenyewe. Sikuutuma. Ili kuupisha nikavua hedifoni, nikaziweka juu ya mashine ya sauti, zikasukuma vidude vyote juu, na spika zikapiga ukelele wa kupasua masikio. Uwanja mzima ukageuka. Wakamwona nani? Fundi, vidole viwili shingoni, juu ya kitu ambacho nilishajiambia ni mafua tu.

Hapo mpiga ngoma akaacha ngoma zake. Huko si kutoroka kazini? Alishuka jukwaani, akaweka vidole vyake pale vilipokuwa vyangu, akauliza polepole, "Baba Mdogo, hiki unacho tangu lini?" Nikamwambia arudi akapige ngoma. Niliogopa, sifichi. Hakurudi. Wenzake wakaumalizia wimbo bila ngoma, na ulikuwa mbaya kuliko kawaida yao.

Kwa hiyo naomba bendi ivunjwe. Madaktari warudishwe nyuma ya meza zao, na makoti yao meupe na mwandiko usiosomeka, ili tuwakwepe kwa amani. Zamani daktari ulimkwepa kwa kutokwenda hospitali, basi, yamekwisha. Sasa anakufuata uwanjani, tena kwa spika zako mwenyewe! Tukimbilie wapi sisi? Na kama kuivunja hakuwezekani, basi angalau kile kimya kiondolewe, wajaze hata filimbi.

Nisalimie wauguzi, walinzi, wafagizi, na yule mama wa mapokezi aliyeniona naelekea mlangoni mara mbili, na mara zote mbili akanirudisha kwenye benchi.

Ni mimi, mwenye shingo yangu,
Fundi wa Spika

Tanbihi: Barua hii nimeiandika nikisubiri majibu, nikijizuia kukimbia. Sasa nimeitwa. Ni saratani. Binti yetu anasema tumeiwahi, na alipokuwa anasema alikuwa anafuta machozi na kucheka, kwa hiyo namwamini. Napasuliwa Jumanne. Basi namba moja ifute: mpiga gitaa anawe mpaka mabegani akitaka, na akinyoosha kiganja, mtafutieni mtu mwenye mbio kunishinda. Namba mbili pia. Ahesabu kuanzia kumi, kwa sauti ile ile, nitahesabu naye mpaka nitakapofika. Na kile kimya, tafadhali, mwambie mpiga ngoma akirefushe. Mwoga huchelewa kuinua mkono.