Bomba kwa Krayoni na Rangi za Maji

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Kamati Ndogo ya Furaha ya Watoto, ambayo mimi ni katibu wake, imefanikisha kwa asilimia mia moja zoezi la uchoraji wa kizalendo katika Siku ya Taifa. Wanaosema vinginevyo hawana muhuri.

Kamati ilikaa siku kumi na moja. Tuliazimia kwamba kila mtoto achore bomba la shule yake: bomba lenyewe kwa krayoni, maji yanayobubujika kwa rangi za maji, buluu, matone yasipungue kumi na mawili. Mjumbe mmoja alipendekeza watoto wachore wanachokipenda. Tulimshukuru, tukampa likizo.

Shule iliyoteuliwa ina bomba zuri sana, la miaka miwili, halijawahi kutoa hata tone. Kwenye ripoti yangu linatoa. Siku hiyo Mheshimiwa, mgeni rasmi, alikuwa aje aitie saini ripoti hiyo, faili lifungwe, nami nipande cheo. Faili likishafungwa shule haiwezi tena kuomba maji, kwa kuwa itakuwa nayo.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi asiyejua kunong'ona, alinikuta asubuhi nikipanga viti.

"Katibu, watoto watapaka rangi za maji kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Lipi?"

"Mwalimu, usinitafutie balaa siku ya sikukuu."

"Watoto wangu wanashinda na kiu mpaka saa nane, wewe unawachoresha maji. Basi niruhusu hata ndoo mbili, nitume watu kwa jirani."

Nilimweleza kwa upole kwamba ndoo ni ushahidi dhidi ya bomba. Kwa sababu hiyohiyo, chupa za maji ambazo watoto hubeba kutoka nyumbani zilikuwa zimezuiwa getini. Alinitazama kama mtu anayekagua soli ya kiatu baada ya kukanyaga kitu. Sikujali. Wapinga maendeleo hawakosekani.

Watoto mia tatu waliketi uwanjani wakachora. Krayoni hazikuleta shida. Ilipofika zamu ya rangi za maji walitazama brashi, wakatazamana, kisha msichana wa darasa la pili akailamba yake, akaisugua kwenye kidonge cha buluu, akapaka. Akalamba tena. Baada ya dakika tano lilikuwa darasa zima, baada ya kumi shule nzima. Nami nilijaribu, ili kuthibitisha ubora. Ni chungu kidogo.

Mheshimiwa alipowasili, watoto walisimama kumwimbia. Vinywa mia tatu vikafunguka, ndimi mia tatu za buluu.

"Hawa wana nini?" aliniuliza, akirudi nyuma hatua moja.

"Uzalendo, Mheshimiwa. Wameuonja."

Alipenda jibu hilo. Televisheni ilikuwa ikirusha moja kwa moja, na Mheshimiwa si mtu wa kuiacha kamera ipite bure. Alijibana kwenye dawati, akachukua brashi, akailamba kwa hisia mara nne akichora matone. Halafu akaigeukia kamera na kutabasamu. Meno yote ya mbele yalikuwa buluu. Hotuba yake kwa taifa ilibakiza dakika tatu.

Msaidizi wake alimnong'oneza kitu. Mheshimiwa alifumba mdomo papo hapo, akaonyesha kwa vidole kwamba anataka kusukutua.

"Maji?" mwalimu mkuu aliuliza kwenye kipaza sauti. "Karibu bombani, Mheshimiwa. Ni hilohilo unalolitilia saini."

Akaenda, kamera nyuma yake. Akazungusha koki. Bomba likakohoa, likatoa mjusi. Akazungusha tena mpaka koki ikabaki mkononi. Nakiri niliogopa.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika na ripoti yangu na kalamu.

"Hapa pameandikwa linatoa maji. Niache hivyohivyo?"

Mheshimiwa alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Kufungua mdomo hakuweza. Kuitikia kwa kichwa, na koki kavu iko mkononi, hakuweza pia. Akatikisa kichwa: hapana.

"Niandike halitoi?"

Akaitikia.

"Na mafundi waje wiki hii?"

Akaitikia upesi upesi, maana meza ya hotuba ilikuwa tayari. Mama yule aliandika yote pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, na Mheshimiwa akatia saini mbele ya nchi nzima.

Ndipo mwalimu mkuu akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji. Mheshimiwa alisukutua mara sita.

Yalibaki maji kidogo. Mimi ndiye niliyepangwa kusoma neno la shukrani, mbele ya kamera zilezile, na ulimi wangu nao ulikuwa buluu, kwa hiyo nilinyoosha mkono.

"Wewe kachote bombani, Katibu," alisema mwalimu mkuu, akikaza kifuniko. "Kwako linatoa."